Nishani na Aliyenyimwa

Nishani ni kipande kidogo cha madini chenye madai makubwa. Hudai kwamba ushujaa hupimwa kwa mizani isiyopendelea. Nayakana madai hayo, na shahidi wangu ni mwana wa Dar es Salaam.

Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia alianzisha Msalaba wa Chuma mwaka 1813, alipopigana na Napoleon. Fahari ya nishani hiyo ilikuwa moja: jemadari na askari mdogo waliweza kuvikwa sawasawa, bila kuulizwa cheo wala ukoo. Lilikuwa jambo jema. Ila usawa ule ulikuwa na mpaka.

Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana baadaye kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Vita vilipozuka mwaka 1914 aliingia jeshi la Wajerumani angali mtoto wa miaka kumi, akafuata nyayo za baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa Mahiwa. Jemadari wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amekwisha kutunukiwa Pour le Mérite mwaka 1916. Mahjub alihamia Berlin, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Mwaka 1934 aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele. Akanyimwa. Alikwenda dukani, akainunua, akaivaa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa mapenzi yake na mwanamke Mjerumani. Akafia katika kambi ya Sachsenhausen mwezi wa Novemba 1944.

Pana wasemao: aliwatumikia watawala, basi asililiwe. Nawauliza: mtoto wa miaka kumi huchagua bendera? Pana wasemao tena: Ujerumani imvike leo nishani aliyoinyimwa. Hawa nao wamekosea. Kumwomba aliyedhulumu atoe nishani ni kumrudisha katika kiti cha hakimu, na kukiri kwamba ushujaa wa Mwafrika hauwi ushujaa mpaka utiwe muhuri Ulaya.

Tazameni makaburi ya vita yaliyo Kinondoni, kando ya njia iendayo Bagamoyo. Mengi yalihamishiwa hapo mwaka 1968, na majina yamechongwa kwa uangalifu. Lakini wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Kumbukumbu yao ni Kariakoo, jina la kikosi chao, tunalolitamka kila siku tukiuliza bei ya nguo. Mtu hafi kwa kukosa nishani; hufa mara ya pili kwa kukosa wa kumtaja.

Berlin iliweka mbele ya nyumba alimokaa Mahjub jiwe dogo lenye jina lake mwaka 2007. Sisi je? Enyi wanafunzi wa Kinondoni na Temeke, msidai nishani. Andikeni maisha yake kwa Kiswahili, lugha aliyowafundisha waliomnyima. Heshima hiyo haiuzwi dukani, wala haihitaji idhini ya mfalme.