MBOVU, eti!

Mtanisamehe, diary ya leo haina habari za boom wala UE. Leo nagombana na neno moja tu: MBOVU.

Kwenye stoo ya idara moja hapa chuoni (jina naliacha, tusije tukaitana ofisini) kuna brashi za hewa tatu. Kwa asiyeijua, ni kidude mfano wa kalamu nene. Juu kina kikombe cha rangi, chini unachomeka mpira wa hewa. Ukibonyeza kitufe inatoka hewa, ukikivuta nyuma inafuata rangi, nyembamba kama umande. Zote tatu zimefungwa kikaratasi: MBOVU. Na kwenye mahitaji ya mwaka ujao yameandikwa mapya matatu. Huku sisi tunaokwenda BTP tunaambiwa "kuweni wabunifu", manila tujinunulie.

Niliomba moja kwa maandishi, nikaenda nayo nyumbani Moa likizo. Unajua ubovu wake ulikuwa nini? Rangi iliyokaukia ndani. Basi! Mtu alipaka, akamaliza, akaenda kula. Wa pili akaja, haikutoa, akairudisha. Wa tatu akaandika kikaratasi.

Sasa kuna mtu atasema, hayo si mambo ya vitoto vya kuchezea? Hapana kaka, hapana dada. Mimi natengeneza silikanti. Yule samaki wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu 2003 amekuwa akinasa kwenye majarife ya wavuvi wa Tanzania, na Tanga ndiyo iliyotia fora, hadi ikatengwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Moa tuko juu zaidi, karibu na mpaka wa Kenya, lakini bahari ni hiyohiyo. Mtoto wa mvuvi anafundishwa habari za samaki huyu kwa picha ya fotokopi nyeusi tii! Na ukimpeleka akamwone aliyewekwa kwenye dawa, rangi ya buluu imeshapotea, amebaki kahawia kama gome la mkoko. Kwa hiyo nimemjenga wa waya, magazeti na gundi ya unga, kipimo cha moja kwa nne, karibu sentimita 45, na mkia wake wenye sehemu tatu. Mabaka yake meupe yanayeyukia kwenye buluu. Ukiyapaka kwa brashi ya manyoya yanakaa kama matone ya chokaa. Ya hewa inayatoa vizuri.

Nije kwenye ugomvi wenyewe. Sababu ya kwanza ninayoisikia ni "za Kichina hizo". Jamani! Kidude hiki Abner Peeler wa Iowa, Marekani, alikibuni miaka ya 1870, kikaja kuboreshwa na Charles Burdick miaka ya 1890. Ndani yake hamna umeme, hamna kompyuta. Kuna sindano inayoingia kwenye tundu la nozeli, pengine milimita 0.3, basi. Tundu la milimita 0.3 likizibwa na rangi halijali limetoka Japani au Guangzhou.

Sababu ya pili: "fundi hakuna". Fundi wa nini? Dalili zenyewe zinasema. Ikitema madoadoa, angalia kwanza rangi: iwe nyepesi kama maziwa, si kama uji. Ikitambaa miguu ya buibui kwenye kazi, umeizidisha thina, au uko karibu mno, au hewa ni kali. Ikipuliza upande mmoja, toa sindano uiviringishe juu ya kioo, ncha iliyopinda utaiona ikichezacheza. Unailaza tena kwenye kioo na kuivuta taratibu huku unaizungusha, mpaka inyooke. Rangi ikirudi nyuma kwenye kitufe, kile kizibo cha sindano kimelika.

Ile inayowachanganya wengi ni mapovu kwenye kikombe. Watu wakiona rangi inachemka wanasema mashine imekufa. Haijafa! Hewa iliyotakiwa itoke mbele imekosa njia, inarudi nyuma kwenye rangi. Ama nozeli imelegea, ama ina uchafu mdomoni, ama mtu ameikaza kwa koleo mpaka ikapasuka. Ikiwa imelegea tu, ikaze kwa vidole, na nta ya nyuki kidogo kwenye nyuzi zake inaziba. Iliyopasuka, hiyo kweli ni mbovu, lakini iliyo mbovu ni nozeli, si brashi nzima. Unatupa baiskeli kwa sababu ya pancha?

Ile ya stoo niliifungua hivi. Kwanza nilitoa oringi zote, maana thina ya magari inazivimbisha. Kichwa nikakilaza kwenye thina mpaka sindano ikaachia yenyewe, sikuivuta kwa nguvu. Tundu la nozeli sikulichokonoa kwa pini ya chuma, pini inalipanua na hapo umeua. Nilitumia uzi wa mshipi, ule mwembamba kabisa, nailoni haikwaruzi shaba. Mjomba akacheka eti navua samaki ndani ya kalamu. Acha acheke. Jioni ile ile ikapuliza.

Halafu kuna hili la pwani ambalo vitabu vya Ulaya havikuambii vya kutosha. Hewa yetu ina maji. Kompresa ikiibana ikapata joto kisha ikapoa, maji yanatoka, yanapita kwenye mpira na kuja kutema juu ya samaki wako. Mtungi uwe unafunguliwa chini maji yatoke, na kichujio cha maji kiwepo. Rangi za thina nazo zikipulizwa kwenye unyevu zinafanya ukungu mweupe, kwa hiyo asubuhi na mapema au usiku usihangaike, ngoja mchana jua limekolea. Na usiisuuze kwa maji ya kisima, visima vingi vya pwani ni vya chumvichumvi. Wala usiipake mafuta ya kula, yanaganda gundi.

Hewa nilipata wapi? Tairi la spea! Nililijazia kwa fundi pancha mpaka psi 30, nikaunga mpira kwenye mdomo wake na valvu katikati ya kupunguzia. Kwa kazi hii psi 15 hadi 20 zinatosha. Inapungua kila unapopuliza, unasimama, unajaza tena. Inachosha, sikatai, lakini silikanti alikamilika. Ila msije mkapulizia chumbani na dirisha limefungwa. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina, na zile rangi za magari za kuchanganya na hadina msizipulize kabisa kienyeji, zinaleta pumu.

Kinachoniuma si brashi tatu. Tunasomea ualimu, tunafanya mtihani wa zana za kufundishia, tunaorodhesha sifa za zana bora, tunapata A. Sijawahi kuulizwa zana inatunzwaje baada ya kipindi. Dakika tano za kusafisha: mwaga rangi, pitisha thina mpaka itoke nyeupe, toa sindano uifute kutoka nyuma kwenda kwenye ncha, rudisha. Dakika tano hizo hazina alama, kwa hiyo hakuna anayezifanya, na sisi ndio tunaokwenda kukabidhiwa maabara za watu.

Nimerudisha ile moja stoo, nikatoa kikaratasi kwa mkono wangu. Nimeandika barua ya pili kuomba zile mbili zilizobaki, nizifungue mbele yao. Leo siku ya tisa, sijajibiwa. Jibu likija mtalisoma hapa hapa.

Silikanti yuko juu ya kabati langu. Anayetaka kumwazima kwa BTP anaruhusiwa, asimshike mkia.