Kitanda cha Mtoto Kibadilishwe kwa Kipimo, Siyo kwa Haraka



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaambia juu ya kofia ya kazi, viatu vyenye chuma, mkanda wa usalama na kinga ya vumbi. Leo tutasema juu ya mahali ambapo hakuna kapita anayezunguka, hakuna taa nyekundu wala kengele: chumba anapolala mtoto wako wa miaka miwili au mitatu.

Katika nyumba nyingi inafika siku ambapo mtoto huyo anatolewa katika kitanda chake kidogo cha fito, kile ambacho wengi wanakiita berso, anawekwa katika kitanda kikubwa. Jambo linaonekana dogo. Linafanywa jioni moja, bila mazungumzo. Lakini tangu usiku ule mtoto anaweza kushuka peke yake gizani, na kwenda popote miguu yake inapompeleka.

Maoni yetu ni haya: kitanda kibadilishwe kwa kipimo cha mtoto mwenyewe, siyo kwa haraka ya mtoto mwingine anayekuja. Kitanda kipya kiwe chini. Na chumba kitengenezwe kabla ya kitanda.

Tumbo la mama si kipimo

Waulize wazazi wengi: «Kwa nini mmemtoa mtoto katika berso?» Watajibu: «Mama yake anakaribia kuzaa, mdogo wake atahitaji mahali.» Jibu hilo linaeleweka, kwa sababu mbao na matela ni feza. Lakini tumbo la mama linapima mtoto aliye ndani. Halipimi yule aliye nje.

Kipimo cha kweli ni hiki. Simamisha mtoto ndani ya kitanda chake, matela ikiwa imeshushwa chini kabisa. Kama ubavu wa kitanda unamfika kwenye chuchu za kifua au chini yake, au kama mtoto amefika karibu sentimeta 90 kwa urefu, kitanda hicho kimekwisha kazi yake. Vilevile, ukimkuta amepandisha mguu juu ya fito kutaka kutoka, usingoje. Mtoto anayeruka ubavu wa kitanda anaanguka kutoka juu zaidi kuliko anayeviringika kutoka kitanda cha chini, na mara nyingi anatangulia kwa kichwa. Kwa watoto wengi siku hiyo inakuja kati ya miezi 18 na miaka 3 na nusu. Kama mtoto hajafika kipimo, na analala vizuri, usimharakishe. Haraka haraka haina baraka.

Na mtoto mchanga je? Katika miezi yake ya kwanza hahitaji berso ya kaka yake. Anaweza kulala chumba kimoja na mama yake, mahali pake mwenyewe palipo pagumu na tambarare, amelazwa chali, bila mito wala nguo nzito karibu na uso wake. Kwa hiyo muda upo. Na kama ni lazima kumhamisha mkubwa, mhamishe miezi miwili mbele ya kuzaliwa kwa mdogo wake, siyo siku mama anapotoka hospitali.

Fikiri wewe mwenyewe, baba. Unafika kazini asubuhi, unakuta sanduku lako la nguo limeandikwa jina la mtu mwingine, na hakuna aliyekuambia neno. Utafikiri nini? Mtoto naye anafikiri vilevile. Akianza kulia usiku, kukojoa kitandani au kumpiga mdogo wake, msiseme kwamba ana tabia mbaya. Yeye anaona amefukuzwa.

Wazee walikuwa na haki

Wengine watasema: «Sisi tulilala kwenye mkeka, hakuna aliyetupimia sentimeta, na tumekuwa watu.» Ni kweli. Lakini angalieni sababu. Mkeka hauangushi mtu. Anayelala chini akiviringika anabaki chini. Tulipotafuta kitanda cha miguu mirefu ili nyumba ionekane vizuri, tulimpandisha mtoto juu ya saruji, na tukaacha ile akili ya wazee.

Basi turudishe akili hiyo. Kitanda cha kwanza cha mtoto aliyetoka katika berso kiwe matela iliyo chini, au kitanda ambacho fundi wa mbao amekikata miguu. Mtoto akikaa ukingoni, nyayo zake ziguse sakafu. Chini ya matela tandika mkeka au mbao, kwa maana saruji ina baridi na unyevu. Na kila asubuhi matela isimamishwe ipate hewa. Sukuma kitanda kibanane na ukuta pasibaki nafasi, ama kiweke mbali kabisa. Ule mwanya mdogo kati ya matela na ukuta unaweza kushika kichwa cha mtoto.

Vile vitanda vya kupandana, kimoja juu ya kingine, vinasaidia nyumba yenye watoto wengi. Lakini kile cha juu si cha mtoto ambaye hajatimiza miaka 6. Hata akililia, mkatalie.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa madini kuliko wengine. Anayelala chini analala karibu na vumbi. Katika mwaka 2018, waganga wa Université de Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza yale waliyoyaona Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Waliwapima watu wa pale na watu wa mtaa mwingine wa karibu. Wale wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo wao, na watoto ndio waliozidi. Hata vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa nayo. Kwa hiyo, baba, nguo za kazi zisiingie chumbani kwa mtoto. Usikae juu ya matela yake na kombinezoni. Vua viatu nje, oga, kisha mbebe mtoto wako. Mama naye apanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unarusha vumbi tu, halafu linashuka tena juu ya mtoto. Na mbao zilizobeba mifuko ya dawa za kiwanda zisifanywe kitanda, hata kama ni za bure.

Kagua mahali kabla ya kumwingiza mtu

Mnaofanya kazi chini ya udongo mnajua desturi. Timu haiingii mahali papya kabla dari haijatazamwa na mawe yaliyolegea hayajaangushwa. Mtoto anayetolewa katika berso naye anaingia mahali papya: chumba chote kimekuwa chake. Basi baba apige magoti, ashuke mpaka urefu wa mtoto, atazame kila kitu ambacho mkono mdogo unaweza kufikia.

1. Chandarua. Kile cha berso hakitoshi tena. Tafuta kikubwa chenye dawa, kifungwe kwa pembe zote, kifike chini na kuchomekwa chini ya matela. Mbu anayeleta malaria anauma hasa usiku, na katika Kongo malaria inaua watoto wa chini ya miaka 5 kuliko watu wengine. Mtoto anayeshuka usiku anafungua chandarua. Mzazi anayemrudisha asisahau kukichomeka tena.

2. Mbabula. Katika mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya Katanga ni kali usiku, na mama anaona huruma kwa mtoto aliye chini. Asiingize mbabula chumbani, hata makala yakiwa yamebaki mekundu tu bila moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi. Watu wanalala na hawaamki. Blanketi la pili na soksi vinatosha.

3. Petroli ya taa, soda ya kufulia na dawa za wakubwa. Vyote vipandishwe juu na kufungwa. Petroli isiwekwe kamwe katika chupa ya limonadi. Mtoto mwenye kiu usiku hasomi chupa, anaikumbuka tu.

4. Moto wa mshumaa. Umeme ukikatika, mshumaa usiwekwe karibu na chandarua wala mahali mtoto anapopita. Taa ndogo ya pile ni bora.

5. Maji na mlango. Ndoo na mabeseni yenye maji yafunikwe au yamwagwe jioni. Mlango wa nje ufungwe kwa komeo la juu, ambalo mkubwa anaweza kulifungua upesi. Lakini chumba cha mtoto kisifungwe kwa ufunguo, kwa sababu moto ukiwaka ufunguo huo utatafutwa gizani. Ning'iniza mlangoni kopo lenye mawe madogo. Mtoto akisukuma, utasikia.

Hakuna hata jambo moja kati ya haya matano linalongoja mshahara mkubwa. Nyumba ya vyumba viwili inaweza kuyatimiza sawa na nyumba ya enjinia.

Kazi ya baba ni ipi?

Katika familia nyingi neno la kitanda cha mtoto linaachiwa mama peke yake. Sisi tunasema hapana. Usiku wa kwanza, mtoto atashuka. Atakuja chumbani kwenu, au atatembea nyumbani kama mlinzi. Dawa yake ni moja: mshike mkono, mrudishe, mlaze, funga chandarua, toka. Maneno machache, sauti ya chini. Akishuka mara ya pili, fanya vilevile. Hata mara ya kumi. Asipigwe, kwa maana mtoto anayepigwa kwa ajili ya kitanda anachukia kitanda. Asichezwe naye pia, maana atafahamu kwamba usiku ni wakati wa mchezo.

Mama mwenye mimba, anayeamka mara kumi akiwa peke yake, atachoka na kukata tamaa. Kwa hiyo usianze wiki ile unapofanya kazi ya usiku. Ngoja zamu yako ya mchana, ili ninyi wawili mpokezane. Na wiki ukirudi kwenye zamu ya usiku, uwe na mtu wa kumwangalia mtoto asubuhi, wakati wewe unalala. Mtoto aliyezoea kushuka mwenyewe hangoji baba aamke.

Msiseme kwamba usingizi wa mtoto ni jambo la wanawake. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 au 2 anahitaji saa 11 mpaka 14 za usingizi kwa siku moja, na yule wa miaka 3 au 4 saa 10 mpaka 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa ndani. Mtoto asipolala, mama halali, na baba halali. Kisha baba huyo anapanda gari kubwa la mgodi saa kumi na mbili asubuhi, macho mekundu. Hivyo kitanda cha mtoto kinafika mpaka kazini.

Akianguka

Mtoto akianguka, akalia mara moja, akanyamaza na kucheza kama kawaida, mwangalie tu siku ile na usiku wake. Lakini kama amezimia, anatapika tena na tena, amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, anatetemeka kwa degedege, au anatokwa na damu au maji meupe puani au masikioni, mpeleke hospitali saa ileile. Usingoje kupambazuke. Usimpake dawa ya nyumbani kichwani kwanza. Usiogope kwamba munganga atakugombeza. Bora kugombezwa kuliko kuchelewa.

Ndugu wafanyakazi, kila asubuhi mnapita mbele ya lile bango linalosema usalama ni wajibu wa kila mtu. Maneno hayo hayaishii kwenye mlango wa kiwanda. Jumapili hii chukua mita yako, mpime mtoto, upime na ubavu wa kitanda chake. Halafu piga magoti katika chumba chake utazame. Kama kipimo bado, mwache alale. Kama kimefika, kata miguu ya kitanda kipya kabla hujamwita mtoto aje kukiona.