Bedi, igo, albatrosi: Kwa nini gofu huhesabiwa kwa ndege

Kila mashindano ya gofu ya Kenya Open yanapochezwa, wasikilizaji hutuuliza swali lile lile: hawa watangazaji wanaotaja ndege kila dakika, wako uwanjani au mbugani? Swali ni la haki. Hata sisi tulipoanza kusoma matokeo hayo hewani, tulikuwa tunayataja tu kisha tunakimbilia soka.

Tuanze na shimo lenyewe. Uwanja kamili una mashimo 18, na kila shimo limewekewa idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kutumia tangu anapoanza hadi mpira uingie. Idadi hiyo huitwa pa. Shimo fupi, la mita 150 hivi, ni pa 3. Lile refu, la karibu nusu kilomita, ni pa 5. Kati ya hayo ni pa 4. Katika gofu anayepiga mara chache ndiye mshindi, kwa hiyo mkisikia mtu yuko "chini ya pa", hiyo ni sifa.

Aliyeokoa pigo moja amepata bedi, yaani kindege. Jina hilo lilizaliwa kwenye klabu moja ya Atlantic City, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wamarekani walikuwa na mazoea ya kukiita kitu kizuri "ndege". Baada ya hapo ndege wakazidi kukua. Mapigo mawili chini ya pa ni igo, yaani tai. Matatu ni albatrosi, ndege wa bahari kuu ambaye mabawa yake yakikunjuliwa huweza kupita mita 3. Wamarekani wengi humwita huyu "tai wawili", hesabu iliyotushinda, maana tai wawili wangekuwa mapigo manne.

Hapa ndipo wengi huchanganya. Mpira ukiingia kwa pigo moja, uwanja mzima hupiga kelele, na mara nyingi wafadhili huwa wameegesha gari jipya pembeni kama zawadi. Lakini gari hilo kwa kawaida huwekwa kwenye shimo la pa 3. Pigo moja pale ni mawili chini ya pa: igo tu. Albatrosi ni adimu zaidi. Kwa kawaida hupatikana kwenye pa 5, na mchezaji lazima atumbukize mpira kwa pigo la pili, akiwa mita 200 au zaidi kutoka kwenye shimo lenye upana usiofika sentimita 11. Na mara nyingi hakuna gari linalomsubiri.

Yuko pia kondori, mapigo manne chini ya pa, aliyepewa jina la ndege mkubwa wa milima ya Andes. Waliowahi kumpata ni wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja alipatikana Denver, Marekani, mwaka 2002, kwa pigo moja kwenye shimo la mita 473 hivi. Denver uko juu sana, hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali, jambo ambalo wachezaji wageni hulikuta Nairobi pia.

Je, pigo kama hilo huleta kombe? Mwaka 1935, katika mashindano ya Augusta yanayoitwa leo Masters, Gene Sarazen alikuwa nyuma kwa mapigo matatu zikiwa zimebaki shimo nne. Kwenye shimo la 15, pa 5, alipiga kutoka mita 215 hivi na mpira ukaingia. Pengo lote lilifutika kwa pigo moja, na kesho yake akamshinda Craig Wood katika mchezo wa marudiano.

Mwaka 2012, siku ya mwisho ya mashindano hayo hayo, Louis Oosthuizen, mtoto wa mkulima kutoka Afrika Kusini, alipata albatrosi kwenye shimo la pili kutoka mita 230 hivi. Akaongoza. Lakini yalikuwa yamebaki mashimo 16, na Bubba Watson akamfikia. Wakaongezewa mashimo ya kuamua mshindi, na Watson ndiye aliyevaa koti la kijani.