Gari la Mzee Halipimwi kwa Kilo

Wiki iliyopita nimerudi nyumbani kutoka kazini, nakuta mtu yuko uani analizunguka gari la marehemu baba. Mnunuzi wa chuma chakavu! Kaka yangu ndiye aliyemwita. Yule bwana hakufungua hata mlango, wala hakuuliza kama linawaka. Aliuliza uzito tu. Nikamjibu ni kama kilo 800, na haliuzwi. Basi, vita vikaanzia hapo.

Hoja za kaka nazijua kwa moyo. Ni Volkswagen ya mwaka 1969, ile ya mgongo wa kobe, haina kiyoyozi, na pale ilipoegeshwa pangejengwa chumba cha kupangisha. Mama yeye kanyamaza, na ninyi mnaojua ukimya wa mama zetu mnanielewa. Rafiki zangu nao hawajambo: eti mwandishi mzima, Jumamosi nzima uko chini ya mkebe! Haya, leo nawajibu wote kwa mkupuo.

Kwanza nikiri: silitetei kwa sababu ya unafuu. Anayekwambia gari la zamani ni nafuu, ama hajawahi kuwa nalo ama anataka kukuuzia la kwake. Nalitetea kwa sababu ya jambo lililonipata mwaka jana, nalo ni la aibu kidogo.

Injini ilikuwa inalia tak-tak-tak kwa nyuma. Nikalipeleka gereji, nikamwambia fundi, "Niondolee huo mlio." Akauondoa. Gari likatulia, nami nikalipa nikiwa nimefurahi. Miezi michache baadaye likaanza kukosa nguvu, kila mlima linahema kama mgonjwa. Kulipima, silinda ya tatu haina mgandamizo. Vali ya kutolea moshi imeungua.

Nilimlaani yule fundi wiki nzima. Kisha nikachukua kitabu cha mwongozo alichoacha baba, kurasa zake zina alama za vidole vya oili, nikaanza kusoma. Kumbe kati ya vali na kile kimkono kinachoisukuma lazima ibaki nafasi ndogo sana. Kwa injini hizi watu wengi huweka milimita 0.15, tena injini ikiwa baridi kabisa. Ukiibana mno, kelele zinakwisha, lakini vali haifungi sawasawa. Na vali hutoa joto lake pale inapokalia kiti chake. Isipokaa, inaungua. Silinda ya tatu ndiyo huumia zaidi, maana injini hii haina rejeta wala maji, inapozwa na upepo wa feni, na kwenye injini za umri wa hii yetu kipoza oili kimekaa kwenye njia ya upepo unaokwenda huko.

Kwa hiyo ule mlio mdogo ulikuwa dalili ya afya, na mimi ndiye niliyelipa uzimwe. Fundi alitii agizo la mtu asiyejua anachoagiza. Angeweza kunionya, sawa. Lakini ningemsikiliza? Mimi mwenye digrii, na yeye mwenye ovaroli?

Ndugu zangu, hapo ndipo penye ugomvi wangu na sisi vijana wa mjini. Tunamiliki vitu tusivyovijua, halafu vikiharibika tunatafuta wa kumtukana. Magari ya sasa yana kompyuta kila kona, ni kweli, huwezi kufanya mengi uani kwako. Hili linakuruhusu. Kifuniko cha vali kinashikiliwa na waya mmoja mnene, unaubandua kwa bisibisi. Injini nzima imefungwa kwenye gia boksi kwa bolti nne. Oili ni lita mbili na nusu, na badala ya filta ya karatasi kuna chujio la waya unaloliosha na kulirudisha. Mara ya kwanza kuseti vali ilinichukua saa tano na ngozi ya vidole viwili. Siku hizi namaliza kabla chai haijapoa... basi, kabla ya chakula cha mchana.

Si kila kitu nafanya mwenyewe. Kuchomelea sijui, namwachia mwenye kujua. Na kama na wewe una kigari cha mzee, anza na mpira wa petroli kabla ya rangi na redio. Mpira uliozeeka unapasuka, petroli inadondokea injini ya moto, na gari linateketea lote. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo, bitana za wakati ule nyingi zilikuwa na asibesto. Na taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, simama papo hapo: huenda mkanda umekatika, na mkanda huo ndio unaozungusha feni.

Kaka anasema spea hakuna. Magari haya yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho likatoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003. Spea mpya bado zinatengenezwa, tatizo ni kuzisubiri. Tena ndiyo hayohayo yaliyoshinda mbio za Safari mwaka 1957 na 1962, kwenye tope la Afrika Mashariki. Si pambo la uani.

Tumefikia makubaliano. Likifika Bagamoyo na kurudi bila kuvutwa, kaka hatataja tena kilo. Likikwama, chumba kinajengwa. Nimebakiza breki za nyuma na sakafu chini ya kiti cha nyuma, ambako betri hukaa na tindikali imekula bati. Jana usiku mama alipita uani, akalitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kile kiti cha mbele, cha abiria, bado kinasogea.

Nimekitia grisi leo asubuhi.