Barua ya wazi kwa BASATA: nyimbo zangu za 2024, pamoja na sababu

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA),
Dar es Salaam.

Ndugu Katibu Mtendaji,

Mwaka 2024 umepita na kila mtu mtaani ana orodha yake ya nyimbo kali. Konda anayo, kinyozi anayo, nami ninayo. Yangu naileta kwenu kwa sababu ninyi ndio wasimamizi wa Tuzo za Muziki Tanzania, na kuna jambo kinyozi hulifanya ambalo kwenye tuzo silioni. Mwambie wimbo aliouweka namba moja haufai, atazima mashine, kichwa chako kikiwa nusu, akueleze kwa nini unafaa. Kwenye tuzo, sisi tunaotazama tukiwa nyumbani tunasikia jina la mshindi, makofi, kisha kipengele kinachofuata.

Namba moja kwangu ni "Mapoz" wa Diamond Platnumz, akiwa na Mr Blue na Jay Melody. Waliokuwa na redio katikati ya miaka ya 2000 wanaukumbuka "Mapozi" wa Mr Blue, enzi ambazo Diamond mwenyewe alikuwa bado hajatoka na "Kamwambie". Wimbo wa sasa umesimama juu ya ule wa zamani. Nyimbo zinazochota kwa waliotangulia ni nyingi, na mara nyingi mwenye wimbo wa awali hubaki kwake akisikia kionjo chake kikipita na gari la watu. Hapa Mr Blue mwenyewe ameitwa studio, akapewa nafasi yake, na hakuwekwa kama pambo. Halafu akaletwa Jay Melody, kijana wa juzi, naye hakumezwa na wakubwa wawili. Vizazi vitatu vya Bongo Fleva vimekaa ndani ya wimbo mmoja na hakuna anayegombea kipaza sauti. Isitoshe, wimbo hauna haraka. Mwaka huo karibu kila kitu kilikuwa kinakimbilia kuchezwa, kwa hiyo wimbo unaokubali kukaa kitini na kusikilizwa ulinifurahisha.

Wa pili ni "Dah!" wa Nandy na Alikiba. Timu Kiba, yaani mashabiki wa Alikiba, watasema nimemshusha mtu wao kwa makusudi. Hapana. Ile sauti ya Alikiba inayopinda mwishoni mwa mstari, tuliyoizoea tangu "Cinderella", bado ipo, na Nandy haikimbii wala haiigi. Anaimba kwa sauti yake nzito, anamwachia mwenzake nafasi, kisha anairudisha kwake. Kolabo nyingi za siku hizi ni watu wawili waliorekodi kila mmoja kwa wakati wake, na unasikia kabisa kwamba hawakuonana. Hapa nasikia watu wanaojibizana. Umekosa namba moja kwa sababu ndogo tu: "Mapoz" ulikuwa na kazi ngumu zaidi ya kufanya, na umeifanya.

Sasa "Komasava" wa Diamond. Najua. Ni wimbo uliozunguka dunia, Jason Derulo akaingia kwenye rimiksi, watu wa mabara yote wakajirekodi wakiucheza. Sina ugomvi nao, hata mimi mabega yangu yameshiriki. Prodyuza S2Kizzy anajua anachokifanya kwenye biti, na Khalil Harisson na Chley wa Afrika Kusini wameupa mwendo ambao hapa nyumbani tusingeutoa peke yetu. Lakini nimeuweka wa tatu. Sehemu kubwa ya wimbo ni salamu kwa lugha mbalimbali, na ukishasalimiwa unangoja mazungumzo. Mimi nilibaki mlangoni nikingoja kukaribishwa. Jaji anayeona kwamba kuitikisa dunia kwa salamu tupu ndiyo sanaa yenyewe anaweza kuwa na hoja nzito kuliko yangu. Hoja hiyo ndiyo ninayotamani kuisoma.

Wa nne ni "Hakuna Matata" wa Marioo, aliyetuingia mioyoni na "Dar Kugumu". Ameyachukua maneno yaliyochakazwa na fulana za watalii akayarudisha kwa wenye shida zao za kweli. Inatosha.

Zuchu hayumo, na yeye ndiye aliyenisumbua zaidi. Mtoto huyu wa mwimbaji Khadija Kopa ana koo lililolelewa na taarabu, lakini kwenye "Siji", aliouimba na Toss, ngoma ya amapiano imekaa juu ya koo hilo nikawa nalitafuta. Anajua kuimba kuliko wengi niliowataja. Mwaka huo sikumsikia vya kutosha.

Singeli sikuipa namba kabisa. Mnacho kipengele chake kwenye tuzo, hongereni, lakini nyimbo zake zilizonikosesha usingizi zilitoka kwenye spika za sherehe za kigodoro, MC akimwaga maneno juu ya biti linalokwenda kasi ya ajabu. Kesho yake zinatembea kwa flashi na WhatsApp, hazina tarehe ya kutoka, wala jina la prodyuza. Zinaingiaje kwenye kinyang'anyiro? Kamati yenu imelijadili hilo? Kama imelijadili, tungependa kuona maneno yake.

Kusikiliza mnajua. Mwaka 2018 mlipoufungia "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond, mliyasikiliza maneno yake, mkasema wazi kilichowakera, na nchi nzima ikabishana nanyi kwa hoja. Masikio hayohayo yaliyonasa kosa yanaweza kunasa ufundi: kiitikio kilichojengwa vizuri, mstari uliosema jambo zito kwa maneno matatu, prodyuza aliyejua pa kunyamazisha ngoma. Wimbo unaofungiwa kwenu hupewa maelezo, na unaoshinda hupewa kikombe tu.

Tuzo hizi zimepitia mengi. Zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro, zikasimama baada ya 2015, zikarudi 2022, na kila zinapofanyika kambi moja hulia kwamba imeonewa. Wasafi ya Diamond ikishinda, mashabiki wa Kings Music ya Alikiba wanasusa, na kinyume chake. Kilio hicho hakitaisha, ila leo anayelia hana cha kubishana nacho isipokuwa jina.

Ombi langu ni hili. Mnapotangaza washindi, chini ya kila wimbo wekeni aya moja ya majaji inayosema umewashinda wenzake kwa kipi. Andikeni pia mtunzi ni nani na biti ni la nani, maana Wimbo wa Mwaka si wa mwimbaji peke yake. Palipoamuliwa na kura za mashabiki, semeni ni kura, na mseme majaji walikuwa na maoni gani tofauti.

Na majaji wakiuweka "Komasava" juu ya "Mapoz", wasinionee huruma. Waandike sababu, nami nitawajibu.

Wenu,
Msikilizaji, Dar es Salaam