Sifuri ya Kithimani

Kila nikisema sensa yangu inasoma mzunguko ilhali imelala tu mezani, najibiwa kitu kimoja: "Uliuziwa feki Luthuli." Wanaosema hivyo hawajawahi hata kuiwasha. Mhadhiri mmoja aliniambia hivyo hivyo kabla sijaacha chuo, akanipa alama za mtu asiyejua kununua. Sitaki huruma. Nataka tuache huu uvivu.

Chipu yenyewe ni MPU-6050. Mtengenezaji wake ameandika waziwazi kwenye datashiti kwamba, hata ikiwa imetulia, jairoskopu yake yaweza kukosea hadi nyuzi 20 kwa sekunde, upande wowote. Hiyo ni orijino, wasee. Yangu ilisoma 262 mahali pa sifuri. Kwenye kipimo cha nyuzi 250 unagawanya kwa 131, unapata nyuzi 2 kwa sekunde. Dakika tatu tu, programu inaapa kwamba meza imezunguka duara zima.

Dawa ambayo wengi hukimbilia ni kunakili namba za kusawazisha kutoka kodi ya mtu mwingine. Lakini hizo ni namba za chipu yake, chumbani mwake, kwa joto lake. Mimi niko Kithimani, chini ya mabati, saa nane mchana. Hata sifuri yangu ya asubuhi si hii. Ukibeba kosa la mwenzako, bado lako liko palepale.

Fanya hivi. Iwashe, iache ipate joto. Usiiguse. Soma mara 2,000, tafuta wastani, kisha uutoe kwenye kila usomaji unaofuata. Lori za Garissa zikitikisa meza, kodi ikatae na ianze upya. Gawanya kwa 131.0, si 131, la sivyo desimali zinamezwa kimyakimya. Bado itateleza, ila polepole. Kwa mwinamo, akselerometa itaisaidia, kwa sababu inajua chini ni wapi. Kwa kugeuka kushoto na kulia haijui kitu, hapo utahitaji dira.

Kazi yote hiyo haitaki sensa ya bei. Inataka mtu apime kabla ya kulaumu. Mhadhiri wangu hakupima. Sensa ninayotumia leo ni ile ile ya Luthuli aliyoiita takataka, na ndiyo inayofanya kazi.