Kabla masika hayajabisha hodi

Habari za joto? Maana mwezi huu hiyo ndiyo salamu ya mjini. Ukiingia ofisini hakuna anayekuuliza umeamkaje, unaulizwa, "Jana ulilala wewe?" Hakuna aliyelala. Dar, Tanga, Unguja, kote ni yale yale: shuka limelowa, feni inarusha hewa ya moto, na umeme ukikatika saa nane usiku ndipo unapogundua mwenzio ana maneno ambayo hukuwahi kuyasikia wakati wa uchumba.

Usishangae basi ukurasa wa mapenzi kugeuka wa hali ya hewa. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua likiwa safarini kurudi kaskazini linatupita utosini kabisa siku za mwanzo za Machi. Bahari nayo imekuwa ikipashwa moto tangu Novemba. Mchana tunafika nyuzi joto 32 au 33, namba ambayo peke yake haitishi. Kinachotumaliza ni unyevu: jasho linatoka halikauki, na usiku joto halishuki sana chini ya 25, wakati Julai hushuka hadi 19 hivi. Upepo wa kaskazi uliotuburudisha tangu Desemba unaanza kuchoka, na kusi bado hajashika usukani. Wazee wa pwani wanakiita kipindi hiki tangambili. Bahari inalala kama mafuta ndani ya sufuria, na ndani ya nyumba hata pazia halitikisiki.

Kwa hiyo kaka, mkeo akihamia sakafuni saa saba usiku, hajakususa. Na kama ni mjamzito, joto analolisikia yeye si hilo lako, mpe upande wa dirisha bila mjadala. Miaka hii hata Ramadhani imeangukia humu humu kwenye joto, na mtu aliyefunga tangu alfajiri akiwa kwenye foleni ya Mbagala hahitaji kuulizwa kwa ukali kwa nini hakupokea simu.

Wenye nafasi wanakimbilia milimani, nami nawaunga mkono. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Lushoto ipo kwenye mita 1,400 hivi, hesabu mwenyewe. Mtalala na blanketi, na watu wawili wanaolala chini ya blanketi moja hupatana haraka kuliko wanaogombea feni. Kwa wenye mapafu, Januari hadi katikati ya Machi ni kimojawapo cha vipindi viwili vizuri vya kupanda Kilimanjaro, kingine ni Juni hadi Oktoba. Ila msibebe kiangazi cha Dar mkadhani ni cha nchi nzima. Mbeya, Njombe, Songea, hata Mtwara, wana msimu mmoja mrefu wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa hiyo Februari wao wako katikati ya matope. Na mlima nao haujaribiwi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha.

Sasa tuje mabondeni, ambako ndiko nilikotaka kufika. Dada mmoja, msomaji wetu, yuko njia panda. Mchumba wake amepata kiwanja bonde la Msimbazi, "bei ya kutupa, wewe!", na anataka watoe akiba yao yote ya harusi wakilipie kabla mwezi haujaisha. Dada hataki. Mchumba anamwambia hana moyo wa maendeleo. Wamefikia kutosalimiana.

Mimi niko na dada. Dalali anaupenda Februari kwa sababu Februari kila kiwanja ni kikavu. Udongo umepasuka, watoto wanacheza mpira, mto unauruka kwa hatua moja. Lakini Msimbazi unaanzia huko juu kwenye vilima vya Pugu, unakusanya maji ya sehemu kubwa ya jiji, halafu unapita Jangwani kabla ya kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua ikinyesha Pugu, Jangwani inajaa hata kama hapo ulipo jua linawaka. Desemba 2011, ambayo wala haikuwa masika, mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mabonde makubwa yana tabia hiyo hiyo. Aprili 2024 Rufiji ilifunika nyumba na mashamba kwa maji yaliyotoka mbali, nyanda za juu.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Chukueni futi kamba, nendeni wawili, mpime. Mtazame kuta za majirani kama zina mstari wa kahawia usawa wa goti. Mahali panapoota matete, maji yanapajua. Mwulizeni mama ntilie wa jirani, siyo dalali, "Mwaka ule mlihamia wapi?" Na kama kaka ana uhakika hivyo, asubiri Aprili, aende asubuhi baada ya mvua kubwa. Kiwanja kizuri bado kitakuwepo. Kisipokuwepo, kuna mwenzenu amekinunua na ndoo zake.

Kuhusu Aprili yenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa masika kabla msimu haujaanza, kawaida kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Februari. Usomeni, lakini msome vizuri. "Wastani" haimaanishi mvua ndogo. Ni kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha kawaida cha eneo lenu, na kawaida ya Dar kwa Aprili ni mvua ya kufunga barabara. Halafu msiutegemee huo wa miezi mitatu peke yake, fuateni na ule wa kila siku, maana msimu unaweza kuwa wa wastani na siku moja ikaharibu kila kitu. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, wakati watu wengi walishaanza kuhesabu siku za kuanika nguo nje.

Hapa ndipo harusi zinaponikuna kichwa. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, basi kila kamati inasukuma tarehe hadi baada ya Pasaka, yaani katikati kabisa ya masika. Kisha mwenyekiti anasimama kifua mbele kutangaza sherehe itakuwa uwanjani, kwenye turubai, ili kubana bajeti. Jamani! Sendofu ya nje mwezi wa Aprili, emsii ameshika maiki yenye waya, bibi harusi ameinua gauni hadi magotini na keki inaanza kuegemea upande. Ukumbi wa ndani wekeni oda wiki hii. Wenye kumbi nao wana kalenda, na Pasaka wanajua ni lini.